Gari la Njia Mbaya: Somo kwa Vikundi vya Akiba



Vikundi vingi vya akiba katika matawi ya mashambani vimetuuliza swali moja. Fedha zimekusanyika, na wanachama wanataka gari linaloweza kupita njia za milimani wakati wa mvua. Je, wanunue gari gani, na wakishalinunua waliongezee nini? Kwa hiyo somo la safari hii halihusu mkataba wala mashauri ya kazi. Linahusu motokaa. Lakini fedha zinazozungumzwa hapa ni jasho la mchuma chai na mkata miwa, nasi tumeona jinsi zinavyoweza kupotea kwa asubuhi moja.

Sisi tunaoandika ukurasa huu tulizipoteza. Tulikuwa wanachama 34 katika laini za chai chini ya milima ya Rwenzori, upande wa Fort Portal. Kutoka laini zetu hadi lami ni njia ya udongo mwekundu, yenye vilima vikali na mito miwili isiyo na daraja la maana. Mwezi wa Aprili na wa Novemba hata lori la kubebea majani hukwama. Usiku mmoja wa mvua mwenzetu mmoja alishikwa na uchungu wa uzazi. Wanaume wakambeba kwa machela mpaka barabarani. Mama alipona, lakini mtoto hakufika. Baada ya matanga tukaamua kununua gari.

Tulikwenda mjini watu wanne, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa fundi. Tulilolipenda lilikuwa limeinuliwa juu, matairi yake makubwa, taa nne juu ya paa, rangi inang'aa. Muuzaji alituambia limekwisha tengenezwa tayari kwa njia mbaya, hatuna la kuongeza. Tukalipa fedha zote. Wiki ya sita, likiteremka kilima na watu saba ndani, breki hazikulishika. Likalala ubavu katikati ya michai. Dereva alivunjika mfupa wa bega. Fundi alipoingia chini yake alitukuta tumesimama kimya, akatuonyesha kidole: chesisi ilikuwa na ufa pale springi inaposhikia, na ufa huo ulikuwa umezibwa kwa gundi na kupakwa rangi nyeusi.

Sasa tuanze.

Gari la njia mbaya si gari refu tu. Magari mengi ya siku hizi yana umbo la kibabe lakini chini ni kama teksi. Tazameni mambo mawili. La kwanza ni chesisi, yaani mihimili miwili ya chuma inayokwenda toka mbele hadi nyuma kama ngazi, na bodi imekaa juu yake. La pili ni giaboksi ndogo, ambayo hukaa nyuma ya ile kubwa. Hiyo ndiyo inayopeleka nguvu magurudumu ya mbele, na ndiyo yenye gia ya chini, ile ya nguvu. Ukiiingiza, mwendo unapungua hata nusu au zaidi, na nguvu ya kuvuta inaongezeka kwa kadiri hiyohiyo. Gari lisilo na gia hiyo litapanda kilima kwa kukimbia, na linaloupanda mlima mbio ndilo linaloangusha watu.

Katika nchi zetu magari yenye sifa hizi yanajulikana. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Aluminiamu hailiwi na kutu kama chuma, na hapo ndipo mnunuzi anapodanganyika: bodi inaonekana nzima, kumbe chesisi ya chuma iliyo chini yake inaoza kutoka ndani. Lile umbo la zamani, lililokuja kuitwa Defender, liliacha kutengenezwa Januari 2016. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ilianza mwaka 1984 na bado inatengenezwa. Ile yenye injini ya dizeli ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, haina turbo wala mambo mengi ya umeme, na mafundi wa vijijini wanaijua. Kuna Hilux pia, na Suzuki ndogo kwa kikundi chenye fedha kidogo. Hiyo ni nyepesi na hupita mahali ambapo kubwa huzama, ila haichukui mgonjwa wa kulala vizuri.

Jambo la umri wa gari nalo lijulikane. Hapa Uganda, tangu sheria ya 2018, haliruhusiwi kuingizwa gari lililopita miaka 15 toka kutengenezwa, na Kenya mpaka wao ni miaka 8. Maana yake, gari kuukuu la bei nafuu mtakaloonyeshwa limekwishafanya kazi humu humu nchini, pengine katika machimbo, pengine katika mradi fulani, mikononi mwa madereva wengi. Msiulize limetembea kilometa ngapi. Saa ya kilometa hurudishwa nyuma kwa urahisi.

Kukagua ndiyo kazi yenyewe, na tunaomba wasomaji wakae hapa kidogo. Nendeni asubuhi, tena bila kumwambia muuzaji saa, mkute injini baridi. Injini iliyowashwa mapema inaficha maradhi. Mchukueni fundi wenu wenyewe mumlipe siku yake. Mshahara wa siku moja ni mdogo mbele ya hasara yetu. Vaeni nguo za kazi, mlale chini ya gari. Nyundo ndogo inatosha: gongeni chesisi polepole toka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia, chuma kilichooza husema "bwef". Palipopakwa rangi mpya peke yake, kwangueni. Tazameni hasa panaposhikia springi na palipoungwa kwa moto.

Kisha fungueni kifuniko cha oili. Ikiwa imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, na huenda gasketi ya silinda imekufa. Washeni. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto unatia shaka ya maji au dizeli isiyoungua. Moshi mweusi mzito mara nyingi ni filta ya hewa iliyoziba au nozeli zilizochoka, na huo si msiba mkubwa.

Sasa mbele. Geuzeni usukani mpaka mwisho, mwende taratibu kwenye udongo. Mkisikia "ta-ta-ta" gurudumuni, viungo vya ekseli ya mbele vimekwisha. Grisi iliyochanganyika na oili ikichuruzika nyuma ya gurudumu la mbele, sili zimekufa. Baada ya hapo ingizeni magurudumu manne, halafu gia ya chini. Msiridhike kwamba wenzo umeingia. Katika magari mengi ya zamani kuna vifungo katikati ya magurudumu ya mbele vya kuzungushwa kwa mkono. Visipofungwa, mbele haivuti hata wenzo ukiwa umeingia. Mmoja wenu asimame nje kwenye mteremko wa udongo aone kwa macho kama tairi za mbele zinachimba. Muuzaji akisema hapa mjini hakuna mteremko, mwambieni mtautafuta pamoja.

Mkiisha kununua, mbaki na theluthi ya fedha zenu. Hatusemi hivi kwa kukisia. Kundi letu la pili, lile tulilojenga upya baada ya miaka mitatu ya kukatwa kidogo kidogo, lilitumia karibu kiasi hicho kabla gari halijabeba mtu. Fedha hizo si za kununua mapambo. Badilisheni oili zote, yaani ya injini, ya giaboksi zote mbili na ya difu zote mbili, pamoja na filta, mipira ya redieta, na breki nzima. Injini ya 1HZ ina mkanda wa ndani unaoendesha vali. Hubadilishwa kila kilometa 100,000, na kama hamna uhakika ulibadilishwa lini, ubadilisheni sasa. Ukikatika, injini inaharibika vibaya.

Ndipo yaje matairi. Katika kila kitu kinachoweza kuongezwa, hakuna kinachosaidia kama tairi nzuri yenye meno, ya kipimo kilekile kilichoandikwa na mtengenezaji. Tairi kubwa zaidi huinua tumbo la difu kidogo tu: kimo cha tairi kikizidi inchi 2, difu hupanda inchi 1. Lakini tairi hiyo huilemea klachi, hulegeza nguvu ya breki, na saa ya mwendo huanza kusema uongo. Kilichofungua macho yetu zaidi ni upepo. Gari linalojazwa 35 likishushwa hadi 20 au hapo karibu kwenye matope laini au mchanga, tairi hutandaa na kushika. Linatoka lenyewe mahali ambapo watu kumi walikuwa wakisukuma. Ila mwendo uwe mdogo, na kabla ya kufika lami lijazwe tena. Pampu ya mguu iwe ndani ya gari siku zote.

Na kule kuinua gari? Katika magari haya yenye ekseli nzima, springi ndefu haiinui difu hata kidogo. Inainua bodi na watu waliomo. Uzito ukipanda juu, gari huanguka ubavu kwa urahisi zaidi. Ndivyo tulivyoanguka sisi. Ikiwa springi zimelala kwa uzee, wekeni mpya za kimo cha asili zenye nguvu ya mzigo wenu, na shokamzoba nzuri. Keria ya paani nayo msiijaze magunia. Bampa la chuma na winchi ni uzito ule ule wa abiria, hupunguza watu mnaoweza kubeba.

Huko Marekani, mjini Moab katika jimbo la Utah, tangu 1967 watu hukusanyika kila Pasaka kupandisha magari haya juu ya mawe kwa kujifurahisha. Hatuwalaumu, kila mtu na Pasaka yake. Vitu vingi vinavyouzwa kama nyongeza vilitengenezwa kwa ajili ya mchezo wa namna hiyo, na mtu wa mchezo akivunja ekseli hurudi nyumbani kwa gari jingine.

Mito ni hatari ya kweli. Maji hayabanwi kama hewa. Yakivutwa na injini mpaka ndani ya silinda, pistoni inagonga kama ukuta na mkono wake unapinda. Bomba la kupandisha hewa juu ya kioo linafaa, mradi viungo vyake visivuje. Vipumulio vya difu virefushwe kwa mpira mpaka juu, la sivyo difu yenye moto ikiingia maji baridi huyavuta ndani. Mto ujaribiwe kwa miguu kwanza. Usiovukika kwa miguu, gari lisubiri. Injini ikizimikia majini, msiiwashe tena. Livuteni nje, mtoe maji kwanza.

Kuvuta gari lililokwama kumeua watu. Kamba isifungwe kamwe kwenye ile bonge ya kuvutia trela. Ikikatika huruka kama risasi. Ifungwe kwenye ndoano iliyoshikwa na chesisi kwa bolti, blanketi zito litupwe juu ya kamba, na watazamaji, hasa watoto wa laini, wafukuzwe mbali zaidi ya urefu wa kamba.

Katika kuendesha tuseme mawili tu. Mteremkoni ingia gia ya chini, namba moja, kabla hujaanza kushuka. Usikanyage klachi, acha injini ishike. Na magurudumu manne yasifungwe kwenye lami kavu, kwa sababu mbele na nyuma hazitembei umbali sawa kwenye kona, na mvutano huo huishia ndani ya giaboksi.

Liko pia jambo la chama. Tangu tupate gari la pili, mara mbili msimamizi ametuma nyapara kuliomba limpeleke hospitali mtu aliyeumia kazini. Tulimpeleka, maana damu haingojei mjadala, na kesho yake tukaandika barua ya kudai gharama. Gari la kikundi halimwondolei mwajiri mzigo wake.

Kabla ya kulipa, linganisheni namba ya chesisi na ya injini na zile za kwenye kadi. Kisha gari liandikwe kwa jina la kikundi kilichosajiliwa, si la mwenyekiti, hata akiwa mtu mwema kiasi gani. Tunalijua kundi ambalo mwenyekiti wake alifariki, na gari likagawanywa na shemeji zake pamoja na ng'ombe. Funguo zetu hukaa kwa mama mkunga wa laini namba tatu, pamoja na daftari la safari, na usiku anayelihitaji hubisha mlango wake.