Amri ya Ulinzi: Jinsi ya Kufika Mahakamani Ukiwa Umejiandaa

Wengi wanaoishi na mtu anayewapiga au kuwatisha hudhani mahakama ni ya wenye pesa za wakili. Nchini Kenya hilo si kweli tena. Tangu mwaka 2015 kuna sheria maalumu ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani, inayompa hakimu uwezo wa kumwamuru mnyanyasaji akae mbali nawe. Msaada wa kisheria wa bure nao upo. Kinachohitajika zaidi ni kufika kwa wakili ukiwa na maelezo yaliyonyooka na karatasi chache muhimu, kisha kuhakikisha amri ikitoka haibaki kwenye mkoba wako.

Kwanza kabisa, usimwambie. Usimtishe kwa kumwambia kwamba unaenda kortini, hata mkigombana vipi. Wakati wa hatari kubwa kuliko wote ni pale anapogundua unaondoka. Ikiwa huwa anapekua simu yako, tumia ya dada, jirani au mwenzako kazini. Kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi ya hospitali na nguo kidogo, viweke kwa mtu unayemwamini mapema. Ukihitaji msaada na hujui pa kuanzia, piga 1195, nambari ya bure kwa visa vya ukatili wa kijinsia. Jambo likimhusu mtoto, kuna 116.

Sheria yenyewe ni pana kuliko watu wanavyodhani. Huhitaji cheti cha ndoa. Inamlinda mke na mume, mtalaka, mchumba, mliyezaa naye, ndugu wa familia na mnayeishi naye nyumba moja. Mwanaume anayepigwa ana haki hiyo hiyo. Na ukatili si ngumi peke yake. Kuvunja mali yako, kukufuatafuata, kukutisha, kukutusi, kukulazimisha kitandani hata kama mmeoana, kukufungia nje ya nyumba, kukunyima pesa za kujikimu kwa makusudi, hata wakwe kukuvuruga nyumbani kwako, yote yametajwa. Maombi yanaweza pia kupelekwa kwa niaba ya mtoto, au mtu mzima asiyeweza kujitetea mwenyewe.

Sasa karatasi. Ukiumizwa, nenda hospitali hata kama jeraha laonekana dogo, na umweleze daktari nani amekuumiza na kwa kutumia kitu gani. Wengi husema wameteleza bafuni, na maneno hayo huandikwa vilevile, halafu siku ya kesi yanawarudi. Aliyebakwa afike ndani ya saa 72 ili apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, na mapema zaidi ni bora. Asioge kabla ya kuchunguzwa, na nguo alizovaa azitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki.

Kituoni, omba dawati la jinsia. Sheria inakuruhusu kuchagua kuandikisha taarifa kwa afisa wa jinsia yako, na inamtaka polisi akueleze njia za msaada ulizo nazo, pamoja na kukusaidia upate matibabu. Usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Ukiambiwa “rudini nyumbani mkasuluhishe”, jibu kwa upole kwamba umekuja kuandikisha taarifa na unaomba nambari. Akikataa, muulizie mkuu wa kituo. Omba pia fomu ya P3 ya kurekodi majeraha, ambayo ni ya bure, ukajaziwe na daktari. Ikiwa hali yako haikuruhusu kwenda kituoni kwanza, usikate tamaa. Ombi la amri ya ulinzi ni la madai, wala halitegemei mnyanyasaji awe ameshtakiwa kwa jinai.

Jumbe za vitisho usizifute. Zipige picha zikionyesha nambari na tarehe, uzitume kwa mtu wa kukuhifadhia. Mwambie wakili umezitoa kwenye simu ipi na zimechapishwa vipi, kwa sababu sheria ya ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachoeleza ushahidi wa kielektroniki ulivyopatikana. Picha nyingi za simu hupingwa kwa kukosa karatasi hiyo moja tu.

Kwa wakili, gonga milango hii: FIDA-Kenya, shirika la mawakili wanawake lililoanza mwaka 1985, lenye ofisi Nairobi, Mombasa na Kisumu, Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa 1973, na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 kwa ajili ya wasiojiweza. Huenda usipewe wakili wa kusimama nawe kortini. Huenda ukaandikiwa stakabadhi na kufundishwa kujiwakilisha. Usiudharau msaada huo. Ombi lililoandikwa vizuri ni nusu ya kazi, na hakimu huwaona watu wanaojiwakilisha kila siku.

Hapa ndipo pa kutulia. Pamoja na ombi utaapa hati ya kiapo, na hiyo ndiyo hakimu atakayoisoma kabla hajaona sura yako. Ukiandika “mume wangu hunipiga kila mara na amenitesa sana”, umesema kweli, lakini hujampa hakimu kitu cha kushika. Andika hivi: “Jumamosi, tarehe 8, mwendo wa saa nne usiku, alinipiga kofi mara mbili jikoni mbele ya mwanangu wa kwanza, akachukua kisu mezani akasema nikienda kwa mama ataniua. Jirani wa mlango wa pili alisikia kelele akabisha hodi.” Siku, saa, mahali, alichofanya, alichosema kwa maneno yake, aliyeona. Anza na tukio la karibuni, kisha la kwanza, kisha lililokuumiza zaidi. Usiongeze chumvi, na usifiche kwamba uliwahi kumrudia. Wanyanyasaji hupenda kulitoa jambo hilo kortini kama siri, na likishatajwa na wewe mwenyewe linapoteza makali.

Mwambie wakili aombe amri ya muda kwa hati ya dharura. Hakimu akiridhika kwamba kuchelewa kutakuletea madhara, anaweza kuitoa bila kumsikiza mnyanyasaji kwanza. Halafu mlalamikiwa atapelekewa karatasi, na siku ya kusikizwa pande zote itapangwa. Kila unachotaka kitaje kwa jina. Asikaribie nyumba, kazini kwako na shule ya watoto. Asipige simu, asitume ujumbe, asimtume ndugu wala rafiki. Ahame nyumba mnayoishi, na akitaka vitu vyake avichukue akiwa na polisi. Watoto wakae na nani kwa sasa. Sentensi ya jumla kwamba “asinisumbue” itakuletea ubishi baadaye kuhusu maana ya kusumbua.

Siku ya kusikizwa, nenda na mtu. Pengine utawakuta wazee wa upande wake ukumbini, wakikusihi muyamalize kifamilia. Wasikilize kwa heshima, ila usitie sahihi karatasi yoyote kabla wakili wako hajaisoma. Hakimu akikuuliza, mtazame yeye, jibu kwa sentensi fupi. Ukilia si kosa, utasubiriwa.

Amri ikitoka, omba nakala kadhaa zilizothibitishwa na masjala. Moja ipeleke mwenyewe kwa mkuu wa kituo cha polisi cha karibu na kwako, ikapokewe kwa mhuri kwenye nakala yako. Nyingine mpe mwalimu mkuu wa shule ya watoto, na mlinzi wa getini kama unaishi kwenye ploti yenye mlinzi. Piga picha ya amri uihifadhi kwenye simu. Polisi wa zamu ya usiku hajui kesi yako, na dakika utakazotumia kumweleza ni dakika ambazo mtu yuko mlangoni. Hakikisha pia kuna kiapo cha aliyempelekea mlalamikiwa amri hiyo, maana bila uthibitisho kwamba aliipata, atadai hakujua.

Kuvunja amri ni kosa linaloweza kumfunga hadi miezi 12, au faini hadi shilingi 100,000, au vyote viwili. Mara nyingi haivunji kwa kipigo. Huanza na ujumbe mtamu: nimebadilika, nimekukosa, watoto wanaendeleaje. Kama amri inamkataza kukutafuta, ujumbe huo tayari ni uvunjaji. Usiujibu, hata kwa kumtukana. Uhifadhi, uandikishe kituoni upate nambari mpya ya OB, na siku hiyo hiyo mpigie wakili wako.