Vifaru vya Kusubu

Katika miji mingi ya Ulaya, na siku hizi hata katika Afrika, wako watu wazima, wenye kazi zao na jamaa zao, ambao jioni hukaa mbele ya kabati la kioo wakitazama vifaru vidogo vya madini. Kila kimoja chaenea katika kiganja cha mkono. Mizinga yake haitoi moshi. Mwenyewe huvipanga kwa safu, huvifuta vumbi kwa brashi laini, na mgeni akiuliza, humweleza habari za kila kimoja: kilitengenezwa nchi gani, kilipigana wapi, kilichukua watu wangapi tumboni mwake. Mtu asiyejua huweza kucheka, akasema kwamba huo ni mchezo wa watoto. Ni kweli, asili yake ni mchezo wa watoto. Lakini ndani yake mna hesabu, mna elimu ya madini, na mna habari za vita vilivyofika hata Tabora na Sikonge.

Yafaa kwanza kujua kifaru chenyewe kilizaliwaje. Katika vita vikuu vilivyoanza mwaka wa 1914, majeshi yaliyokuwa Ufaransa yalijichimbia mahandaki marefu, yakatandaza mbele yake nyaya zenye miiba, na nyuma ya nyaya yakaweka bunduki za bombomu. Askari aliyetoka handakini kwa miguu alikatwa kama nyasi. Basi Waingereza wakabuni gari la chuma lisilopita juu ya magurudumu bali juu ya minyororo mipana, liweze kuvuka mashimo na kukanyaga nyaya. Ili siri isitoke, walisema kwamba wanatengeneza tangi la kuwekea maji, na jina hilo la uongo likabaki katika Kiingereza mpaka leo. Kiswahili kilichagua jina bora zaidi. Maana kifaru wa porini naye ana ngozi nene na pembe mbele, na akishika njia yake hapishi mtu.

Vifaru viliingia vitani mara ya kwanza tarehe 15 Septemba, 1916, karibu na kijiji cha Flers huko Ufaransa. Vilikuwa vimewekwa tayari 49, lakini vingi viliharibika njiani au vikakwama, na 32 tu ndivyo vilivyofika mahali pa kuanzia. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 28 hivi, kilichukua watu 8, wala hakikumpita mtu anayekwenda kwa miguu. Ndani mlikuwa na joto kali, na moshi wa injini uliwalevya waliomo. Mwenye kupenda vifaru vidogo hana budi kulikumbuka hilo. Kifaru cha kabatini ni baridi na safi, lakini kifaru cha kweli kikipigwa, mara nyingi waliomo huungua kabla hawajapata kufungua mlango.

Siku nne tu baada ya Flers, tarehe 19 Septemba, 1916, mji wa Tabora ulitwaliwa. Majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo, chini ya Jenerali Tombeur, yaliingia mjini, na Wadachi, ndio Wajerumani, chini ya Jenerali Wahle, wakarudi nyuma wakielekea Iringa. Hapakuwapo kifaru hata kimoja. Waingereza walileta motokaa zenye deraya upande wa Kilimanjaro mwaka huo huo, lakini katika pori na matope hazikufaa sana. Farasi na ng'ombe waliumwa na mbung'o, wakafa. Barabara hazikuwapo. Basi chakula, risasi, dawa, hata sehemu za mizinga zilipita juu ya vichwa vya watu.

Watu wa nchi ya Tabora waliijua kazi hiyo tangu zamani. Njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji ilipita Unyanyembe, na Wanyamwezi ndio waliosifiwa kuliko wote kwa kuchukua mizigo. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70 hivi. Lakini mpagazi wa msafara alikwenda kwa mapatano na kwa ujira, akarudi kwake na nguo na jembe. Mpagazi wa vita aliandikwa, mara nyingi kwa nguvu, akapelekwa mbali na kwao, akala unga asiouzoea, akanyeshewa, akaugua tumbo. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, latokana na maneno ya Kiingereza yaliyotaja kikosi cha wachukuzi hao.

Sasa turudi kwa vifaru vidogo. Zamani vitu vya kuchezea vya namna hii vilisubiwa kwa risasi, maana risasi huyeyuka upesi. Mwaka wa 1893 kiwanda cha Britains cha Uingereza kilianza kusubu askari wenye uwazi ndani, na kwa kuwa walitumia madini kidogo, bei ikawa nafuu. Lakini risasi ina sumu, na mtoto hutia kila kitu kinywani. Mwisho wa mwaka wa 1933 kiwanda cha Meccano cha Liverpool kilitoa seti ya magari sita madogo, na mojawapo lilikuwa kifaru. Mwaka uliofuata magari hayo yaliitwa Dinky Toys. Miaka michache baadaye vilitoka vifaru vyenye minyororo ya kweli, midogo kama mkufu wa shingoni, nayo iligeuka kifaru kilipovutwa juu ya zulia. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka wa 1979, na wakusanyaji wa leo hulipa fedha nyingi kwa kifaru ambacho mtoto wa zamani alikinunua kwa senti zake.

Kusubu kwa namna hii hakufanani na kazi ya mfua vyuma wa kijijini. Kalibu ni ya chuma cha pua, imechongwa sehemu mbili zinazokutana barabara. Madini yaliyoyeyuka husukumwa ndani kwa nguvu nyingi, yakajaza kila pembe, hata vichwa vya misumari vionekane. Kwa sekunde chache tu hupoa, kalibu hufunguka, na vijiti vidogo hukisukuma kitu nje. Mtu akikigeuza kifaru chake na kutazama upande wa chini, aweza kuona alama za mviringo zilizoachwa na vijiti hivyo. Kalibu moja huweza kutoa maelfu na maelfu. Kuitengeneza ni ghali sana, na ndiyo sababu kiwanda hakisubu kifaru kisichotakiwa na wanunuzi wengi.

Madini yenyewe siku hizi ni zinki iliyochanganywa na alumini, sehemu 4 hivi katika 100, pamoja na shaba na magnesi kidogo sana. Huyeyuka kabla ya kufika digrii 400, na chuma chataka zaidi ya 1,500. Lakini zinki hiyo ina ugonjwa wake, na mkusanyaji yeyote huuogopa kuliko mwizi. Ikiwa wakati wa kuyeyusha imeingia risasi, hata kidogo isiyoonekana kwa macho, kifaru hutoka kizuri, hupakwa rangi, huuzwa, hukaa kabatini miaka kumi au ishirini. Kisha nyufa nyembamba hutokea. Kifaru huvimba, minara yake hupindika, na mwisho humeguka kama udongo mkavu. Joto na unyevu huuharakisha ugonjwa huo, wala hauna dawa. Vifaru vingi vilivyosubiwa kabla ya mwaka wa 1939 vimekufa hivyo, kwa sababu risasi iliingia katika chungu cha zinki. Katika nchi yenye masika ya miezi mingi, kama Sikonge, yafaa vifaru viwekwe mahali pakavu penye hewa, mbali na jua, wala visifungiwe katika sanduku lenye kitambaa chenye maji.

Hesabu ya vifaru hivi ni nzuri kwa mwanafunzi. Kila kimoja kimepunguzwa kwa kipimo kilichoandikwa: 1 kwa 43, 1 kwa 50, 1 kwa 72. Kifaru cha Marekani kiitwacho Sherman kilikuwa na urefu wa sentimeta 584 hivi. Gawanya kwa 72, utapata sentimeta 8 na kitu. Je, uzito nao wagawanywa kwa 72? Hapana. Kitu kikipunguzwa urefu, hupunguzwa na upana, hupunguzwa na kimo pia. Basi uzito hugawanywa kwa 72 mara tatu, yaani kwa 373,248. Tani 30 zikigawanywa hivyo, zabaki gramu 80 tu, uzito wa yai moja kubwa na nusu lake hivi. Wanafunzi wengi hawasadiki mpaka waandike hesabu yote ubaoni.

Mtu wa Tabora akitaka kuchagua vifaru vinavyohusu nchi yake, hakosi. Hiyo Sherman, ambayo zaidi ya 49,000 zilitengenezwa, ina habari yake huku. Vita vilipokwisha mwaka wa 1945, vifaru vingi vilibaki bila kazi. Mwaka wa 1947 serikali ya Uingereza ilianza mashamba makubwa ya karanga katika Tanganyika: Kongwa, Nachingwea, na Urambo, magharibi ya Tabora. Matrekta ya kung'oa miti hayakutosha. Kiwanda cha Vickers kikachukua sehemu za Sherman, kikaunda trekta la minyororo, kikaliita Shervick, nusu ya jina la kifaru na nusu ya jina la kiwanda, na matrekta hayo yakaletwa Tanganyika. Lakini mizizi na udongo mgumu vilikuwa adui wengine kuliko wale wa Ulaya. Mashine zilivunjika, mvua ilikosekana, na mwaka wa 1951 mpango uliachwa, baada ya kupoteza pauni milioni 36 hivi. Urambo baadaye ilijulikana kwa tumbaku, iliyolimwa na wenye mashamba madogo.

Sherman ilionekana tena mwaka wa 1978, mara hii katika jeshi la Idi Amin, lililovuka mpaka mwezi wa Oktoba na kuingia Kagera. Jeshi la Tanzania lilikuwa na vifaru vya China vya aina ya Type 59, vinavyofanana na T-54 ya Urusi, vyenye watu wanne na uzito wa tani 36 hivi. Mwezi wa Machi, 1979, walipigana Lukaya, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. T-54 ndogo hupatikana bila shida. Mtu huweza kuipaka rangi na alama za Tanzania mwenyewe, na afanye hivyo kwa uangalifu, maana wako wazee ambao ndugu zao hawakurudi.

Tena iko aina nyingine ya madini ya vita ambayo Tabora yaipita miji mingi. Mwaka wa 1916 Wadachi walikatiwa bahari, wakakosa fedha za kuwalipa askari. Basi katika karakana ya reli ya Tabora walipiga sarafu: za heleri kwa shaba ya manjano iliyotoka katika maganda ya mizinga, na za rupia 15 kwa dhahabu ya Sekenke. Ile ya dhahabu ina sanamu ya tembo mbele ya mlima. Zilipigwa zaidi ya 16,000, na leo wakusanyaji wa dunia yote huzitafuta. Za bandia ni nyingi, na anayeuziwa moja kwa bei ya mbuzi asifurahi upesi.

Mtoto wa Sikonge asiye na fedha za kununua hana haja ya kusikitika, lakini mambo mawili asiyafanye. Asiyeyushe risasi ya betri ya gari ili asubu vifaru vyake, maana moshi wake huharibu damu na akili. Na kombora au kitu cha vita kikionekana ardhini, asikiguse, hata kama kina kutu ya miaka mia, awaite wakubwa.

Kuna kifaru kinachojiendea chenyewe, nacho hakina bei. Huchukuliwa kigurudumu cha mti kilichokuwa na uzi wa cherehani, kingo zake zikatwe meno kwa kisu. Kipande cha mpira hupitishwa katika tundu la katikati; upande mmoja hushikwa na kijiti kifupi, upande wa pili na kijiti kirefu, na kati ya kijiti kirefu na mti huwekwa kipande cha mshumaa kilichotobolewa. Kijiti kirefu kikizungushwa mpaka mpira ujinyonge, kisha kikawekwa chini, kifaru hutambaa polepole na kupanda juu ya penseli.

Na mpagazi? Viwandani hasubiwi. Wako askari wa kila jeshi, wapanda farasi, hata mbwa wa vita, lakini mtu mwenye mzigo kichwani ni adimu. Huko Nairobi, katika sanamu tatu za shaba zilizosimamishwa kuwa ukumbusho wa vita hivyo, mmoja wao ni mchukuzi. Kwa kipimo cha 1 kwa 72, mtu wa kimo cha sentimeta 173 atakuwa na sentimeta 2 na sehemu 4 za kumi. Udongo wa mfinyanzi wa mbugani wafaa, ukipondwa vema na kuondolewa mchanga. Miguu ifanywe minene kidogo kuliko kweli, au itavunjika, na sanamu ikauke kivulini siku mbili. Mzigo hufanywa mwisho, peke yake, nao hugandishwa kwa udongo mwororo. Ukiwekwa mapema, shingo huinama.