Kabla ya Kulipa Amana ya Madirisha: Pima, Kagua, Andika

Nyumba nyingi za mawe katika Kaunti ya Machakos zilijengwa kwa madirisha ya chuma. Miaka ikipita, chuma hushika kutu, puti hukauka na kudondoka, na mvua ya Novemba huingia hadi sebuleni. Wakazi wengi sasa wanayabadilisha na kuweka ya alumini ya kuteleza. Gharama si ndogo, na mara nyingi fundi huomba amana kubwa kabla ya kuanza kazi. Anayelipa kabla ya kujua hasa ananunua nini ndiye hupata hasara. Fuata hatua hizi kwanza.

1. Je, ni lazima ubadilishe?
Kutu ya juujuu hukwanguliwa, chuma kikapakwa rangi ya kuzuia kutu na vioo vikawekewa puti mpya. Badilisha ikiwa fremu imeliwa au imepinda hata haifungi. Fundi anayekushauri ukarabati pale unapotosha, ingawa yeye atapata pesa kidogo, anafaa kusikilizwa.

2. Usipoteze hewa
Dirisha la mita 1.5 kwa mita 1.2 lina eneo la mita mraba 1.8. Lile la chuma ambalo mbawa zake zote hufunguka hupitisha hewa karibu eneo lote hilo. La kuteleza lenye vipande viwili hufunguka nusu tu, yaani mita mraba 0.9. Kwa hivyo usikubali matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha yazibwe. Baridi ya Juni na Julai huwafanya watu wengine kuingiza jiko la makaa chumbani. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Hata matundu yakiwepo, usilale na jiko la makaa chumbani.

3. Pima mwenyewe
Pima upana wa nafasi ya dirisha juu, katikati na chini. Pima urefu kushoto, katikati na kulia. Andika kipimo kidogo zaidi cha kila upande kwa milimita. Kisha pima kutoka kona hadi kona, pande zote mbili. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana, nafasi haiko mraba. Mwonyeshe fundi kabla hajakata alumini.

4. Kagua kampuni
Omba bei kutoka kwa mafundi watatu, wote kwa vipimo vilevile. Kila mmoja aonyeshe kibali cha biashara cha kaunti na PIN ya KRA. Usajili wa jina la biashara au kampuni unaweza kuthibitishwa kupitia eCitizen. Zaidi ya yote, omba upelekwe kwenye nyumba alikofanya kazi zaidi ya mwaka mmoja uliopita, na umuulize mwenyewe: Je, maji huingia? Je, dirisha bado linateleza vizuri?

5. Andika makubaliano
Bei ya chini mara nyingi hutokana na kioo chembamba au alumini nyepesi. Mkataba utaje: idadi na vipimo vya madirisha, unene wa kioo kwa milimita, aina na rangi ya alumini, wavu wa mbu, kitasa, anayeng'oa madirisha ya zamani na kurekebisha plasta, tarehe ya kumaliza, na muda wa dhamana. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012, makubaliano yakiwa na makadirio ya bei, muuzaji haruhusiwi kukutoza zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio hayo.

6. Lipa kazi ikiendelea
Gawa malipo mara tatu: amana ya vifaa, malipo ya pili madirisha yakishafungwa, na salio baada ya majaribio. Mwagia kila dirisha ndoo ya maji kutoka nje. Maji yatoke kupitia vitundu vya chini ya fremu, yasiingie ndani. Fungua na ufunge kila kipande. Lipa kwa nambari ya biashara, si simu ya mtu binafsi, na uhifadhi risiti na ujumbe wa M-Pesa.

Ukidhulumiwa
Mwandikie fundi barua yenye tarehe, ukieleza kasoro na muda wa kuirekebisha. Akipuuza, Korti ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60. Unaweza kujiwakilisha bila wakili. Beba mkataba, risiti na picha, kwa maana bila hivyo itakuwa neno lako dhidi ya lake.

Madirisha hukaa miaka mingi. Wiki moja ya kupima na kuuliza haitakuchelewesha.