Mashine "Haiwaki": Vitenzi vya Kubainishia Hitilafu za Tarakilishi Baada ya Kuongezwa Kumbukumbu

Utangulizi

Mjadala wa istilahi za tarakilishi katika Kiswahili umekuwa, kwa sehemu kubwa, mjadala wa nomino. Wanafunzi wa isimu wamebishana kwa miaka mingi iwapo chombo chenyewe kiitwe kompyuta, ngamizi au tarakilishi, na kila upande una hoja zake. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulidhihirisha kwamba programu nzima ya ofisi inaweza kusomeka kwa Kiswahili. Vitenzi, hata hivyo, havikupewa uzito huo. Makala haya yanashikilia kwamba mashine inapoharibika, anayeitumia hukwamishwa zaidi na kitenzi kuliko nomino, na kwamba vitenzi vinavyohitajika vimo katika lugha tayari.

Hitilafu iliyochaguliwa ni ya kawaida: tarakilishi yenye mfumo wa Linux inakataa kuanza kazi baada ya kuongezwa kipande cha kumbukumbu, yaani RAM. Mazingira ni Pwani ya Kusini ya Kenya, kuanzia Ukunda na Diani hadi Msambweni, ambako mashine nyingi hununuliwa zikiwa zimekwisha kutumika na kuongezewa uwezo kidogo kidogo kadiri fedha zinavyopatikana.

Kitenzi kimoja, hitilafu nyingi

Mteja akimpigia fundi simu, husema "mashine haiwaki". Kauli hiyo hutumika pale ambapo hakuna hata taa inayoonekana, na hutumika vilevile pale ambapo mashine inanguruma lakini kioo ni cheusi. Hutumika hata pale ambapo nembo ya mfumo imejitokeza na kuganda. Kwa mteja hali hizi ni moja, kwa kuwa katika zote hapati kazi yake. Kwa fundi ni magonjwa tofauti kabisa. Baadhi ya vijana husema "haibuti", lakini mkopo huo hausaidii sana: buti tayari ni kiatu, tena ni sehemu ya nyuma ya gari, na sasa limeongezwa jukumu la kueleza mchakato mzima bila kuugawa.

Mchakato huo unagawika. Kwanza mashine huwaka, maana yake ni kwamba umeme umefika. Pili hujikagua: programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye ubao mama hutazama kama kumbukumbu na viungo vingine vipo. Tatu hupakia: kipakizi, ambacho katika Linux aghalabu ni GRUB, hukichukua kiini kutoka kwenye diski na kukiweka katika kumbukumbu. Nne huinuka: kiini hutambua vifaa na kuanzisha huduma moja baada ya nyingine. Mwisho hufunguka, na mtumiaji akaona mahali pa kuandika jina na nywila yake. Kuwaka, kujikagua, kupakia, kuinuka, kufunguka. Hakuna hata kimoja kati ya vitenzi hivi kilichohitaji kamati ya kukisanifu.

Mashine inayowaka lakini haijikagui, ikatoa milio au kioo kikabaki cheusi, kwa kawaida inalalamikia kipande kilichoongezwa. Huenda hakikukaa sawasawa katika tundu lake. Huenda pia si cha aina yake: vipande vya DDR3 na DDR4 vina pengo mahali tofauti, hivyo haviingiliani, lakini DDR3 ya volti 1.5 huingia vizuri katika mashine inayotaka ya volti 1.35 tu, na mashine ikakataa kujikagua. Maana ya milio hutofautiana baina ya watengenezaji, kwa hiyo haifai kuikariri kama jedwali la kuzidisha. Pwani kuna sababu nyingine. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na meno ya kipande huota utando usioonekana vizuri kwa macho. Kukichomoa, kuyasafisha meno kwa spiriti na kukirudisha hadi vishikizo vya pembeni vijifunge vyenyewe ni tiba ya dakika chache, nayo hufanywa waya wa umeme ukiwa umechomolewa. (Unyevu huohuo una fadhila yake, kwani hupunguza umeme tuli unaoweza kuunguza kipande mkononi, katika ofisi za hoteli za Diani, zenye viyoyozi na hewa kavu, fundi anapaswa kuwa na hadhari zaidi.)

Mashine inayopakia lakini kiini kikaanguka katikati ya kuinuka, mara hapa mara pale bila mpangilio, hutia shaka kwamba kipande kina kasoro ndani. Programu ya memtest86+, ambayo huendeshwa kabla ya mfumo wenyewe kuanza, hukipima kwa kuandika na kusoma tena kila sehemu. Ipewe saa kadhaa, usiku mzima ikiwezekana. Kosa moja tu linatosha kukitilia shaka kipande hicho. Fundi anaweza pia kuongeza maneno mem=2G katika mstari wa kiini ndani ya GRUB ili kiini kitumie gigabaiti 2 za mwanzo tu; mashine ikiinuka hapo, dalili zinaelekea kwenye sehemu iliyofungiwa nje.

Suala la neno kumbukumbu

Hapa nomino nayo inadai haki yake. Kumbukumbu ni neno pana: lina kumbukumbu za mkutano, kumbukumbu za maisha na kumbukumbu ya mashine. Tatizo kubwa limeletwa na simu ya mkononi, iliyowazoesha watu kusema "memori imejaa" wakikusudia kwamba picha zimekosa pa kuwekwa. Hiyo si kumbukumbu bali ni hifadhi. Mtu aliyejaza diski akashauriwa "aongeze memori" anaweza kutumia fedha zake kununua RAM na asipate nafasi ya faili hata moja. Walimu wa sarufi wangefanya hisani kubwa kama wangelitenga neno hifadhi kwa kinachobaki umeme ukikatika, na kumbukumbu kwa kinachopotea.

Mfano wa Msambweni

Tuchukue mfano wa mwalimu wa sekondari huko Msambweni, mwenye mashine ya mezani ya Linux ambamo amechapa ngano za Kidigo alizosimuliwa na wazee kwa miaka kadhaa. Hana nakala nyingine. Baadhi ya wasimulizi hao wamekwisha kufariki. Fundi wa Ukunda anamwongezea kumbukumbu kutoka gigabaiti 2 hadi 8, na kwa kuwa anapenda kazi kamili, analipanua pia eneo la akiba kwenye diski, liitwalo swapu, ambako kiini huhamishia mzigo kumbukumbu ikielemewa. Siku ya pili simu inalia.

"Fundi, ile mashine haiwaki."

"Pole, mwalimu. Basi ilete, nitaipiga fomati."

Fomati ndiyo dawa inayokimbiliwa na mafundi wengi, nayo ingezifuta ngano zote. Lakini kabla mwalimu hajatafuta matatu, fundi anamuuliza swali lililopaswa kutangulia.

"Haiwaki kabisa, au inawaka haifunguki?"

"Inawaka. Nembo inakuja, halafu inaganda. Nikingoja dakika nzima nazima kwa kitufe."

Jibu hilo linaondoa mashaka mengi kwa mkupuo. Mashine imejikagua, imepakia, na inaganda mahali palepale kila mara. Kumbukumbu mbovu haina nidhamu hiyo. Fundi anamwomba awashe tena, abonyeze Esc ili nembo itoweke, kisha asome kilichoandikwa. Kuna mstari wa Kiingereza unaosema kwamba mfumo unasubiri sehemu fulani ya diski, ukifuatwa na saa inayohesabu hadi dakika 1 na sekunde 30. "Usizime, mwalimu. Ngoja mpaka mwisho." Sekunde ya 90 inapita, na mashine inafunguka.

Swapu ilipoundwa upya ilipewa kitambulisho kipya, lakini faili la fstab, linaloorodhesha sehemu za diski za kuunganishwa, bado lilikuwa na kile cha zamani. Mfumo ulikuwa ukimngoja mtu aliyebadili jina. Amri ya blkid huonyesha kitambulisho cha sasa. Kikinakiliwa katika fstab, na pia katika faili la resume pale lilipo, kisha amri ya update-initramfs ikatolewa, ngojangoja hiyo huisha. Hatari kubwa ilikuwa kule kuzima kwa kitufe kila baada ya dakika moja, kwani mashine inayokatwa umeme ikiwa inaandika huweza kuharibu faili zake.

Mwalimu hakusubiri marekebisho hayo. Mashine ilipofunguka, kabla ya jambo jingine lolote, alichomeka flashi akanakili ngano zote. Kipande kipya cha kumbukumbu hakikuwa na kosa.