Bidhaa mpya inakurudishia pesa? Jinsi ya kupima faida ya majaribio

Leo tunaangalia pesa ambayo wafanyabiashara wengi huitumia lakini wachache huihesabu: pesa ya kujaribu kitu kipya. Kampuni kubwa huiita bajeti ya utafiti na ubunifu. Kwa biashara ndogo ni ile elfu mbili ya kemikali, elfu moja ya chupa, na siku mbili ulizofunga duka ukijaribu. Inatoka kidogo kidogo kwenye simu, na mwisho wa mwezi unashangaa stoki imepungua na hujui pesa imeenda wapi.

Si vibaya kujaribu. Biashara isiyojaribu kitu huachwa nyuma. Swali ni moja tu: kila shilingi uliyoweka kwenye majaribio imerudi na ngapi?

Tuhesabu pamoja

Tuseme unatengeneza sabuni ya maji ya vyombo, na sasa unataka kuongeza sabuni ya kunawa mikono. Kabla ya kupata mchanganyiko mzuri umetumia:

- Kemikali: KSh 3,000
- Chupa: KSh 2,000
- Lebo: KSh 1,500
- Siku 3 za kazi yako, KSh 500 kwa siku: KSh 1,500

Jumla ni KSh 8,000. Angalia kwamba tumehesabu siku zako pia. Muda wako si wa bure, hata kama hakuna mtu anayekulipa mshahara.

Miezi mitatu ya kwanza unauza chupa 150 kwa KSh 150 kila moja. Pesa iliyoingia kwenye till ni KSh 22,500. Wengi hapa hushangilia na kusema, "Nimeweka elfu nane, nimepata elfu ishirini na mbili!" Hebu ngoja kidogo.

Kutengeneza kila chupa kunakugharimu KSh 90. Chupa 150 ni KSh 13,500. Kwa hiyo kilichobaki ni KSh 9,000.

Bado kuna jambo lingine. Wateja wengine wameacha kununua sabuni yako ya zamani wakahamia hii mpya. Ukiangalia daftari, umeuza chupa 45 pungufu za ile ya zamani, na kila moja ilikuwa inakupa faida ya KSh 40. Hapo umepoteza KSh 1,800. Faida ya kweli iliyoletwa na bidhaa mpya ni KSh 7,200 kwa miezi mitatu, yaani KSh 2,400 kwa mwezi.

Uliweka 8,000 na imerudi 7,200. Kwa hivyo baada ya miezi mitatu bado hujarudisha pesa yako. Itarudi mwezi wa nne. Mauzo yakiendelea hivyo hivyo, mwaka mzima utapata KSh 28,800, na kila shilingi ya majaribio itakuwa imerudi na shilingi 3.60.

Hesabu na yale yaliyofeli

Sasa tuseme kabla ya hii ulijaribu pia shampuu ya magari. Ukatumia KSh 6,000, na wenye car wash wakakataa kuinunua. Usiifiche. Jumla ya pesa ya majaribio sasa ni KSh 14,000, na mapato ni yale yale 28,800. Kila shilingi imerudi na kama mbili hivi. Hiyo ndiyo hesabu ya haki, kwa sababu kilichofaulu ndicho kinacholipia kilichofeli.

Kampuni kubwa nazo zina vipimo vyao. 3M ya Marekani, iliyotuletea Post-it, inajulikana kwa kipimo kimoja rahisi: kati ya mauzo yote, ni asilimia ngapi imetoka kwa bidhaa zilizoanza kuuzwa ndani ya miaka 5 iliyopita? Wewe unaweza kujiuliza hivyo kwa mwaka mmoja. Lakini kumbuka, kipimo hicho kinaonyesha mauzo. Faida lazima uihesabu kando.

Jaribu kidogo, tazama sana

Historia ya pesa kwa simu hapa Kenya ina somo zuri. M-Pesa haikuanza kama huduma ya kutumiana pesa. Vodafone ilipata karibu pauni milioni 1 kutoka mfuko wa serikali ya Uingereza, ikaongeza kiasi kama hicho, na lengo lilikuwa kuwasaidia wakopaji wa mikopo midogo kulipa kwa simu. Majaribio yalianza Oktoba 2005 pamoja na Faulu Kenya, yakiwa na wateja wasiofika hata 500.

Watu hao wakaitumia kwa njia zao. Wengine walituma pesa kwa jamaa zao, wengine waliweka pesa kwa ajenti ili wasisafiri nayo mfukoni. Upande wa mikopo ukawa mgumu kuendesha. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, ilikuja na ujumbe mmoja: tuma pesa nyumbani. Kabla ya mwaka kuisha ilikuwa na wateja zaidi ya milioni moja.

Majaribio yale yaliwafundisha kitu ambacho wateja wenyewe walikuwa wanakitaka, kabla ya kusambaza huduma nchi nzima. Nawe fanya hivyo:

1. Weka kikomo cha pesa na tarehe ya mwisho kabla ya kuanza. Tarehe ikifika na wateja hawarudi, simamisha.
2. Anza na chupa 10, si 200.
3. Uza, usigawe. Mtu akipewa bure atasifu tu. Akinunua mara ya pili, hapo amekuambia ukweli.
4. Tenga pesa ya majaribio. Tumia laini au till tofauti, kisha mwisho wa mwezi pakua taarifa ya miamala uone kilichoingia na kilichotoka. Mtu anayekusaidia kusoma taarifa hiyo hahitaji PIN yako.

Usijaribu kwa mkopo wa siku 30

Hapa ndipo watu wengi huumia. Tumeona sabuni yetu inarudisha pesa mwezi wa nne. Mkopo wa simu wa siku 30 unadaiwa mwezi wa kwanza. Wakati huo bidhaa mpya imekupa KSh 2,400 peke yake, na unadaiwa 8,000 pamoja na ada. Zilizobaki utazitoa kwa stoki ya sabuni ya zamani, ile inayokulisha. Bidhaa yenyewe ilikuwa nzuri, lakini deni limeiua pamoja na ile iliyokuwa inaibeba.

Pesa ya majaribio itoke kwenye faida uliyoweka akiba, kiasi ambacho hata kikipotea chote duka litafunguliwa kesho asubuhi.

Wiki hii, chukua kitu kimoja kipya ulichoanza kuuza mwaka huu. Andika ulitumia ngapi kukijaribu, kinakuachia ngapi kwa mwezi, na kimechukua wangapi kutoka kwa bidhaa ya zamani. Gawanya. Utajua kama ni cha kuongezewa pesa, au ni cha kuachwa.