Forodha Inakesha, Wewe Lala
Kijitabu cha wafanyabiashara wadogo wa Busia na Malaba

Malaba haina usiku. Malori yanayotoka Mombasa kuelekea Kampala na Kigali hufika saa yoyote, na dereva anayeshuka saa nane za usiku anataka chai, chapati na kitanda. Busia nako ni vivyo hivyo. Tangu kituo cha pamoja cha forodha kizinduliwe rasmi Februari 2018, maafisa wa Kenya na Uganda hukagua mizigo mahali pamoja, nayo hupita usiku na mchana. Lakini maafisa wana zamu: wa mchana akichoka, wa usiku anaingia. Wewe mwenye kibanda umefungua alfajiri, na watu wanatarajia ufunge mteja wa mwisho akishaondoka.

Tunasema nawe, mama wa nafaka, muuza omena, mwenye hoteli, wakala wa M-Pesa na mbadilisha fedha. Saa ya kufunga ni sehemu ya biashara yako sawa na mtaji, na mtu wa kuilinda ni wewe.

Uchovu unakula faida

Mbadilisha fedha aliyeamka saa kumi alfajiri bado yuko barabarani saa tano usiku. Shilingi moja ya Kenya hununua zaidi ya 25 za Uganda, kwa hiyo noti anazoshika zina sifuri nyingi. Anapokea noti ya 5,000, macho mazito yanaona 50,000, naye anatoa pesa za Kenya kwa hesabu hiyo. Hakuna aliyemwibia. Sokoni, mama anapima maharagwe kwa gorogoro huku simu ameibana shingoni akijibizana na mtu wa Tororo kuhusu magunia ya kesho. Anasahau amefika gorogoro la ngapi, anaogopa kumpunja mteja, anaongeza moja. Mambo hayo yakijirudia wiki nzima, faida imekwenda.

Kwa wiki mbili, andika daftarini saa ya kila mauzo. Ukiona baada ya saa tatu usiku unauza soda mbili na kuandika deni moja, saa yako ya kufunga umeipata. Ikiwa hoteli yako Malaba hupata pesa usiku, basi fanya kazi usiku, lakini mchana ulale kweli. Gawaneni zamu na ndugu au mfanyakazi, na zamu yako ikiisha nenda nyumbani. Usikae pembeni kusimamia. Waleta bidhaa nao waambie mapema: "Oda napokea mpaka saa mbili usiku." Wakizoea, watapiga mapema.

Jamaa, madeni na matanga

Hapa ndipo wengi wetu tunaumia, na tunaumia kimya kwa sababu tunaowapenda ndio wanaoomba. Ukiwa na duka, ukoo mzima unaliona kama benki. Shemeji anataka karo, jirani anachukua unga wa kulipa mwisho wa mwezi, na kila wiki kuna kikundi kipya cha WhatsApp cha mchango wa mazishi. Hatukuambii uwe mchoyo. Magharibi mwa Kenya asiyefika matangani huzungumziwa, na siku yako ikifika utawahitaji watu.

Tenga kiasi cha michango mwanzoni mwa mwezi, ukiweke mbali na pesa ya kununua mali. Kikiisha, sema ukweli kwa heshima: "Shemeji, fungu langu la mwezi huu limekwisha, lakini Ijumaa nitakuja kusaidia kupika." Mikono yako jikoni ni mchango, na watu huukumbuka. Kwa deni la dukani, weka kiwango kisichozidi kile unachoweza kupoteza bila kufunga duka. Na usikope kwenye simu ili umkopeshe mwingine. Riba itakuwa yako, na usingizi utakaopotea pia.

Yasiyo mikononi mwako

Aprili 2020, madereva waliposubiri kupimwa korona, foleni ya malori Malaba ilinyooka kilomita nyingi. Machi 2021, Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya aflatoksini, kisha siku chache baadaye ikafungua tena kwa masharti. Mwenye mzigo njiani hakuwa na kosa lolote. Usijilaumu kwa jambo la namna hiyo, ila usiweke mtaji wote kwenye mzigo mmoja.

Hofu nyingine inaepukika. Anayepita njia za panya anaishi akiangalia nyuma. Mzigo wa bidhaa za Afrika Mashariki usiozidi dola 2,000 za Marekani unaweza kupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa pale pale mpakani, ukasamehewa ushuru wa forodha ikiwa bidhaa hizo zimo kwenye orodha iliyokubaliwa. Vibali vya afya ya mimea na vyakula bado utavihitaji. Uliza ofisini, usimuulize kijana wa getini anayetaka kitu kidogo.

Mwili ukisema

Kichwa kuuma kila jioni, moyo kwenda mbio na hasira kwa watoto bila sababu ni dalili za kwenda kupimwa. Presha ikisoma 140 kwa 90 au zaidi kwa vipimo vya siku tofauti, unahitaji daktari. Usiombe tu Panadol dukani. Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF imepokewa na SHA, na asiye na mshahara hulipa si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, kwa mkupuo wa mwaka; chama chako kinaweza kukusaidia kuweka kidogo kidogo.

Huzuni au kukata tamaa kukizidi wiki mbili, nenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia au kituo cha afya kilicho karibu, ueleze hivyo hivyo bila kuficha. Fikra za kujiua zikikujia, usingoje hata siku moja. Nenda na mtu unayemwamini. Na mwanamke anayedaiwa mwili ili mzigo wake upite, au anayepigwa nyumbani kwa sababu ya pesa za biashara, apige simu 1195. Simu hiyo haina malipo, na hupokewa hata usiku.