Somo la Msafiri: Kununua Dawa Katika Nchi ya Ugeni

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Ndugu yangu Muislamu, jua ya kuwa mwili wako ni amana uliyowekewa, si milki yako ukautenda upendavyo. Na amana hiyo haikuondokei kwa kuwa u safarini. Bali huko huzidi uzito, kwani umeepukana na tabibu akujuaye na duka ulilolizoea. Katika waraka huu nataka kukubainishia jambo moja ambalo wengi hulidharau, nalo ni kununua ugenini dawa zisizohitaji cheti cha tabibu, kama za homa, za kichwa na za mafua.

Naanza kwa kosa langu mwenyewe, kwani mwalimu afichaye kosa lake huwaachia wanafunzi shimo alilotumbukia.

Mwaka niliokwenda Hija, tuliporejea Makka kutoka Mina, mwenzangu mmoja, mzee, alishikwa na homa na kikohozi. Nilikuwa na vidonge vya homa nilivyotoka navyo nyumbani, nikampa viwili. Kisha nikaenda duka la dawa karibu na makazi yetu, nikataka dawa ya mafua, nikapewa kisanduku chenye rangi nyingine na jina nisilolijua. Nikampa viwili vya hivyo pia. Na hivyo vyote nikampa mara tatu kwa siku. Siku ya pili kijana mmoja katika msafara wetu, aliyesomea dawa, akavitazama visanduku vyote viwili, akaniuliza: "Maalim, umevisoma hivi?" Nikanyamaza. Kila kidonge, cha huku na cha huku, kilikuwa na parasetamoli miligramu 500. Yule mzee alikuwa amekunywa miligramu 6,000 kwa siku, na mpaka wa mtu mzima mwenye afya ni 4,000. Tukampeleka hospitali, akapimwa damu, na Mwenyiezi Mungu akamwafu. Na maandishi ya kisanduku yalikuwa ya Kiarabu! Mimi nisomeshaye nahau miaka yote hii, sikusoma maneno manne ubavuni mwa kisanduku.

Basi kutokana na hayo, shika mambo manne.

La kwanza: ijue dawa kwa jina lake la asli, si kwa jina la biashara. Jina la biashara ni kama kanzu; mtu mmoja huvaa kanzu nyingi, na kanzu moja huvaliwa na watu mbalimbali. Parasetamoli huuzwa kwetu kwa jina la Panadol, Saudia utaiona kwa jina la Fevadol, na Falme za Kiarabu kwa jina la Adol. Marekani hata jina lake la asli limebadilika, huitwa asetaminofeni, na wengi huijua kwa jina la Tylenol. Na kinyume chake kipo: Flomax ya Marekani ni dawa ya tezi ya wanaume wazee, na jina lilo hilo Italia limetumika kwa dawa ya uvimbe na maumivu. Basi kabla ya kusafiri, andika katika karatasi jina la asli la kila dawa uitumiayo na kipimo chake, umwonyeshe mwuza dawa.

La pili: hisabu jumla. Dawa za mafua aghalabu huchanganywa vitu viwili au vitatu, na parasetamoli huwamo mara nyingi. Ikizidi huliharibu ini. Na khatari yake ni kuwa siku ya kwanza mgonjwa huweza asione kitu, akadhani yu salama. Aliyezidisha na aende hospitali upesi, asingoje dalili, kwani dawa ya kuikinga sumu hiyo hufaa zaidi itolewapo mapema.

La tatu: ijue sheria ya nchi uendayo. Uingereza huuzwa madukani, bila cheti cha tabibu, vidonge vya parasetamoli vilivyochanganywa na kodeini kidogo. Lakini kodeini Saudia na katika Falme za Kiarabu ni dawa iliyodhibitiwa. Ndugu zetu wakaao Uingereza, waendao Umra au kuzuru jamaa Dubai, wasiitie mkobani kwa mazoea tu. Na waulize kabla ya safari ni ruhusa gani itakiwayo.

La nne: ichunge ibada yako. Mwenye kuhirimia akijipaka marhamu yenye manukato ambayo harufu yake ingaliko, hali anajua, humlazimu fidya, ijapokuwa ana haja nayo na hana dhambi. Naye ana khiyari: kuchinja mbuzi, au kuwapa maskini sita pishi tatu za chakula, au kufunga siku tatu. Na dawa ya kikohozi iliyochanganywa na kileo, wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafii wameiruhusu ikiwa kileo kimepotea ndani yake na haipatikani safi ya kushika mahali pake, kwa kauli ya tabibu Muislamu mwadilifu. Basi uliza kwanza iliyo safi. Mara nyingi ipo papo hapo katika rafu ya pili.

Masuala: Je, mtu akimpa mwenziwe dawa kwa nia njema, ana lawama?

Jawabu: Nia njema haitoshi. Imepokewa katika Hadithi kwamba amtibuye mtu naye hajulikani kwa utabibu, huyo ni mdhamini. Basi usigawe vidonge katika msafara kama ugawavyo tende. Mwonyeshe mgonjwa kisanduku, mwulize amekunywa nini tangu asubuhi, na ana maradhi gani ya ini au figo. Nawe usipojua, mpeleke kwa ajuaye. Yule mzee alinisamehe kabla hatujapanda chombo kurejea. Lakini laiti angalikufa, ningalimwomba nani msamaha?

Wallahu aalam. Wabillahi ttawfiq.